Maziwa Machafu: Kivumishi Kimoja Kilichonifunza Kuandika

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu kuhamisha hifadhidata kutoka seva moja hadi nyingine bila kupoteza usingizi. Hiyo itangoja kidogo. Juzi kijana mmoja ninayefanya kazi naye aliniletea ripoti ya hitilafu yenye maneno matatu tu: "Mfumo ni mbovu." Nikacheka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka kosa langu mwenyewe la mwaka 2012 ambalo sijawahi kulisimulia hapa.

Kosa lenyewe halikuwa la hesabu, wala la seva, wala la usalama. Lilikuwa la kivumishi.

Ndiyo, kivumishi. Kile mwalimu wa Kiswahili alichotufunza shule ya msingi, nasi tukimwitikia darasa zima kama kwaya: mtu mzuri, kiti kizuri, ua zuri, maua mazuri. Nilipomaliza shule nilidhani hayo yameisha. Nilikuja kugundua kwamba mtu anayetengeneza programu huandika vivumishi kila siku: kwenye vitufe, kwenye ujumbe wa makosa, kwenye maelezo ya toleo jipya, kwenye ripoti za hitilafu. Na huviandika bila kufikiria.

Sasa sikilizeni.

Mwaka huo chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, upande wa Nyandarua, kilitaka mfumo wa kutuma ujumbe kwa simu. Kazi ilikuwa rahisi. Mfugaji analeta maziwa kituoni asubuhi, karani anayapima na kuandika kitabuni, kisha mfugaji anapata ujumbe: lita ngapi, zimepokewa au hazikupokewa, na jumla ya mwezi ni ngapi. Wazee wengi hawaji kituoni wenyewe. Humtuma kijana wa kazi au mtoto, kwa hivyo ujumbe ndio ungekuwa macho yao.

Kabla ya kupokea maziwa, karani hufanya vipimo vitatu. Cha kwanza ni macho na pua: je, kuna nywele, majani, harufu? Cha pili ni laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji. Maji ni 1.000. Maziwa ya ng'ombe kwa kawaida huwa karibu 1.030, na ukiyaongeza maji kipimo kinashuka. Cha tatu ni spiriti: unachanganya maziwa kidogo na spiriti ya kiasi hicho hicho, unatikisa, unatazama. Yakiganda vipande vipande, hayafai kupelekwa kiwandani.

Kwenye kitabu cha karani sababu hizo zilikuwa na nambari: 1, 2 na 3. Kwenye hifadhidata nami nikaziweka hivyo hivyo, vizuri kabisa. Lakini nilipofika kwenye ujumbe wenyewe, nikabanwa na nafasi. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, na chama kilikuwa kinalipa kwa kila ujumbe. Nilikuwa tayari nimeweka jina la chama, salamu, tarehe, jumla ya mwezi, na "Asante kwa ushirikiano wako mwema". (Vivumishi hivyo! "Mwema" pale alikuwa anafanya nini?) Sababu ya kukataa maziwa ikabakiwa na kipande kidogo mwishoni. Basi nikaziunganisha zote tatu kuwa maneno mawili:

"Maziwa machafu."

Nilikuwa Nairobi, kwenye kiti, saa tano usiku. Kwangu "machafu" lilikuwa jina la kikapu tu, kikapu cha maziwa yote yasiyofaa. Hata nilijipongeza kwamba upatanisho uko sawa: maziwa, ma-chafu. Mwalimu wangu angenipa alama zote :-)

Wiki kadhaa baadaye nikapanda matatu kwenda huko kurekebisha modemu iliyokuwa ikikatika. Nikiwa nimeinama chini ya meza, nikasikia mama mmoja akimuuliza karani, "Ni nani anatuma hizi meseji?" Karani akanionyesha kwa kidole. Nikatoka chini ya meza na vumbi langu.

"Ni mimi, Mama."

"Basi, kijana wangu, nionyeshe uchafu uko wapi."

Akaweka mkebe wa alumini juu ya meza. Naweza kuuona mpaka leo. Uling'aa kama sufuria ya dukani. Alifungua kifuniko akanielekezea ndani, na ndani kulikuwa na harufu ya sabuni na jua tu.

Alikuwa amepokea ujumbe wangu siku nne mfululizo. Siku ya kwanza aliusugua mkebe kwa maji ya moto. Siku ya pili akanunua brashi mpya. Siku ya tatu akatupa kitambaa cha kuchujia na kukata kingine. Siku ya nne akamwondoa kijana wa kazi kwenye ukamuaji, akakamua mwenyewe saa kumi na moja asubuhi baada ya kuosha mikono mpaka viwiko. Lita 9 zikarudi nyumbani tena, na simu ikalia tena: maziwa machafu.

Jambo lililomuuma zaidi halikuwa pesa. Macho yake hayakuwa yakisoma maandishi madogo vizuri, kwa hivyo ujumbe wa kwanza alimpa jirani amsomee, na jirani akausoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya duka. Kufikia Jumapili kila mtu alijua kwamba boma lake ni chafu. Mama wa umri ule, aliyelea watoto na kuwasomesha kwa maziwa hayo hayo.

Karani akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Mama, hapa si uchafu. Ni nambari tatu, siku zote nne. Maziwa yanaganda kwa spiriti."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Kuganda? Basi hiyo ni ng'ombe. Si mkebe."

Ilimchukua sekunde mbili. Mimi na kompyuta zangu sikulijua hilo, yeye alilijua. Maziwa huganda kwa spiriti yakiwa yamechacha, lakini pia yanaweza kuganda ng'ombe akiwa ametoka kuzaa juzi, au akiwa na ugonjwa wa kiwele. Na ugonjwa huo ukianza huweza kukaa bila kuonyesha chochote machoni: hakuna uvimbe, hakuna vipande kwenye maziwa. Daktari wa mifugo alifika jioni hiyo na kukuta robo moja ya kiwele ina ugonjwa. Ng'ombe alitibiwa, lakini chuchu ile ikakauka. Nilimuuliza daktari kama angeitwa siku ya kwanza ingepona. Hakuniahidi kitu. Alisema tu, "Siku nne ni nyingi."

Siku nne mama alikuwa anasugua mkebe kwa sababu mimi nilimwambia asugue mkebe. Sikumwandikia "osha mkebe", lakini ndivyo nilivyomwambia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka mlichukue kutoka kwenye makala hii: kivumishi kinachohukumu kina amri ndani yake. Ukisema kitu ni kichafu, umesema kioshwe. Ukisema mtoto ni mvivu, umesema aadhibiwe. Ukisema mfumo ni mbovu, umesema utupwe. Msomaji hatangoja umpe maelezo, ataanza kutekeleza amri. Kwa hivyo ukikosea kivumishi, umemtuma mtu kazi isiyo yake.

Na Waswahili tunatega sikio kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ujumbe wa simu kwetu si porojo, ni risiti. Watu huuonyesha dukani kama ushahidi. Neno likitoka kwenye mashine, tunaliamini kuliko likitoka kwa karani.

Hata neno lenyewe "kivumishi" linatuonya. Kuvumisha ni kulifanya jambo livume, lisikike mbali. Ndugu yake ni uvumi. Nomino hutaja kitu, kivumishi hukivumisha. Mimi niliyavumisha maziwa ya mama yule kijiji kizima, na sikuwa nimeyaona.

Tangu siku hiyo, vivumishi nimevigawa katika mafungu matatu. Si mafungu ya kitabu cha sarufi, ni ya kwangu ya kazini.

1. Kivumishi kinachotofautisha. Nenosiri jipya na nenosiri la zamani. Waya mwekundu na waya mweusi. Faili zote na faili hii. Hivi usiviondoe kamwe. Ukitoa neno "zote" kwenye swali la "Je, ufute faili zote?" mtu atalia. Hapa kivumishi ndicho ujumbe wenyewe.

2. Kivumishi kinachopima. Kizito, kirefu, chepesi, kidogo, cha moto. Hivi vinafaa, lakini kila kimoja kina deni. Kirefu kuliko nini? Kidogo kwa kipimo gani? Kama una nambari, iweke. Kama huna, taja angalau unalinganisha na nini.

3. Kivumishi kinachohukumu. Kibaya, kichafu, kibovu, kizuri, bora, cha ajabu. Kabla ya kukiandika jiulize: nani amepima, na msomaji akikisoma ataenda kufanya nini? Kama huwezi kujibu, kitoe uandike kile ulichokiona.

Sikusema vivumishi ni vibaya (hiyo ingekuwa hukumu nyingine!). Kuna wanaoshauri kwamba mwandishi mzuri huvifyeka vyote. Sikubali. Kiswahili kina njia nyingi za kukisifu kitu, na nyingi zinabeba habari zaidi kuliko -zuri na -baya. Tuna "-enye": maziwa yenye nywele. Tuna kihusishi "-a": maziwa ya jana. Tuna kitenzi chenye kirejeshi: maziwa yaliyoganda. Hayo yote hufanya kazi ya kivumishi, na yote yanakulazimisha useme jambo lililotokea.

Lakini hata hapo kuna mtego, na nilijifunza nikiwa bado ofisini kwa karani. Tulikaa chini kuandika upya ujumbe wa nambari 2, ule wa laktomita. Karani akapendekeza, "Andika maziwa yaliyotiwa maji." Nikataka kukubali, ni neno la moja kwa moja. Kisha nikatazama lile umbo: yali-yo-ti-wa. Yametiwa na nani? Umbo hilo limeficha mtu, na kila msomaji atamjua ni nani: mwenye ng'ombe. Laktomita haikuona mkono wa mtu. Iliona uzito tu. Huenda kijana wa kazi alisuuza mkebe na hakuukausha. Hata maziwa yakipimwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, kipimo hushuka. Basi laktomita inasema nini hasa? Inasema maziwa ni mepesi.

Mepesi! Kivumishi cha kawaida kabisa, cha darasa la tatu, na ndicho kilichokuwa sahihi. Kinasema kile kifaa kilichoona, hakiongezi, na hakimwiti mtu mwizi. Tukaandika: "Maziwa ya leo, lita 9, hayakupokewa: ni mepesi. Kipimo 1.024, kinachotakiwa 1.028 kwenda juu. Kausha mkebe, au mwone karani."

Nambari 1 tulimwachia karani aandike alichokiona: nywele, majani, harufu ya moshi. Na nambari 3 ikawa hivi:

"Maziwa ya leo, lita 9, hayakupokewa: yameganda kwa spiriti. Huenda yamechacha au ng'ombe anaumwa kiwele. Mwone karani au daktari wa mifugo."

Hesabu. Ni herufi 139 pamoja na nafasi. Kisingizio changu cha nafasi kilikuwa uongo. Nafasi ilikuwepo, niliijaza na "ushirikiano wako mwema". (Ushauri wa bure kwa wanaotuma ujumbe kwa wingi: tumieni ile alama iliyonyooka kwenye ng'ombe, si ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia. Ile iliyopinda haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za simu, na ujumbe wako utashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ng'ombe mmoja anaweza kukula pesa mara mbili.)

Angalia pia kwamba katika ujumbe huo wa tatu hakuna hata kivumishi kimoja kinachosema maziwa ni mazuri au mabaya. Hakikuhitajika. "Yameganda" kinatosha.

Sasa neno kwa wenzangu wa msimbo, kwa sababu mtaniuliza hii inahusu nini na programu.

Katika Kiswahili kivumishi hakisimami peke yake. Kinashikana mkono na nomino yake. Chukua neno hili moja dogo, -pya: kitabu kipya, vitabu vipya, neno jipya, maneno mapya, ujumbe mpya, mahali papya. Programu nyingi zilizoundwa kwa Kiingereza zina neno moja la "mpya" linalobandikwa mbele ya kila kitu, na wewe mtafsiri unaletewa neno hilo likiwa uchi, bila nomino. Utaandika nini? Ukiandika "mpya", kesho utakuta "vitabu mpya" kwenye kioo. Mfumo wa gettext huuliza umoja au wingi, na kwa Kiswahili tunampa maumbo mawili, lakini hauulizi ngeli. Tangu mwaka 2006 gettext inakuruhusu kuweka muktadha kwa kila neno, ili "mpya" ya kitabu itafsiriwe kando na "mpya" ya ujumbe. Tumieni hiyo. Na bora zaidi, msikate sentensi vipande. Mpeni mtafsiri sentensi nzima.

Kwa muda mrefu niliona jambo hilo kama kero ya sarufi. Leo naliona kama ulinzi. Lugha yetu inadai kwamba kabla ya kutoa sifa, ujue sifa hiyo ni ya nini. Nomino inatangulia, kivumishi kinafuata na kuvaa sare yake. Kosa langu la "machafu" lilikuwa sare iliyo sahihi kwa mtu asiyehusika: nilichukua kivumishi kimoja nikakivalisha sababu tatu tofauti. Kwa sarufi kilipatana na maziwa. Kwa ukweli hakikupatana na chochote.

Na tukiwa hapo hapo, neno kuhusu "marekebisho madogo". Nikiliona neno hilo kwenye maelezo ya mabadiliko ya msimbo, jasho linanitoka. Madogo kwa nani? Mstari mmoja unaweza kusimamisha malipo ya watu elfu. Andika ulichogusa: "nimebadilisha jinsi tarehe inavyosomwa kwenye ripoti ya mwezi." Mwenzako ataamua mwenyewe kama ni dogo.

Turudi kwa kijana wangu na mfumo wake mbovu. Sikumfokea. Nilimrudishia ripoti nikamuuliza, "Mbovu vipi? Ulifanya nini, ukaona nini?" Akaenda, akarudi baada ya dakika kumi na hii: "Ukibonyeza Hifadhi mara mbili haraka, zinatoka risiti mbili zenye nambari moja." Tazama pale: "risiti mbili", "zenye nambari moja". Vivumishi viwili, vyote vinafanya kazi. Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumepata mdudu mwenyewe.

Kuhusu yule mama. Kabla sijaondoka siku ile nilimwomba msamaha, nikamwambia neno lilikuwa langu, si la karani. Aliniangalia, akafunga kifuniko cha mkebe, akasema, "Sasa watumie wale waliosikia ile ya kwanza." Alikuwa anatania nusu. Lakini nilifikiri njia nzima kurudi Nairobi, na sikupata jibu, kwa sababu hakuna namna. Mfumo wangu ulikuwa na orodha ya namba za wafugaji. Haukuwa na orodha ya watu waliokuwa kwenye foleni ya duka.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijaandika kivumishi chochote kitakachosomwa na mtu nisiyemwona, huwa nafikiria mkebe ule juu ya meza.

Haya, wiki ijayo hifadhidata. Safari hii naahidi kweli. (Kweli kuliko nini? Msianze!)